Ndizi za Inspekteri

Jumatatu, 6 Mei 1957

Habari mbaya, tena kabla ya chai! Madame Directrice, mkuu wa shule yetu, ametuita mimi na monitere mwenzangu Zéphirin, akafunga mlango. Serikali inataka monitere mmoja tu wa kufundisha watoto wadogo hapa Goma. Mwingine atapelekwa Kalengera. Inspekteri anakuja Jumatatu ijayo kutazama nani abaki. Wiki moja!

Mimi Kalengera siendi. Nina mama. Miguu yake imevimba, hawezi kupanda lori, na tangu tumzike baba hapa hataki kulala hata usiku mmoja nje ya Goma. Nikienda nani atamchotea maji? Niliuma meno nikatabasamu.

Mtihani wenyewe ni huu: watoto wa miaka minne na mitano waone jinsi vitu vinavyobadilika. Si kwa ubao, amesema Madame, wala kwa kukariri. Kwa kucheza, kushika, kunusa. Nikasema ndiyo Madame, hilo ndilo wazo langu tangu zamani. Zéphirin akaenda darasani kwake, akarudi na makopo sita ya sadini yenye pamba iliyolowa, na juu ya pamba maharagwe. Ameyaanza tangu Jumamosi! Nani alimwambia? Mutu ana diploma, ana viatu vinavyong'aa, na bado anataka na maharagwe.

Haidhuru. Maharagwe ni ya siku nyingi. Mimi nitaonyesha badiliko la dakika kumi. Barafu! Watoto wangu hawajaiona maishani. Binamu yangu Swedi ni mpishi katika hoteli ya wazungu kando ya ziwa. Nimeshamwona, amekubali.

Jumanne, 7 Mei

Swedi alinipa pande la barafu kubwa kuliko kichwa changu. Nikalifunga kwa gunia, nikalitia kikapuni, kikapu kichwani. Mwendo wa nusu saa. Wapi! Njiani nikamkuta Muzee Ntirenganya. Mutu hawezi kumpita muzee hivi hivi. Nikauliza mke, nikauliza watoto, nikauliza ng'ombe. Ng'ombe wake ni kumi na mmoja na kila mmoja ana habari zake. Maji yalinitiririka shingoni, nikadhani ni jasho.

Nikawapanga watoto duara. Nikafungua gunia polepole, kwa madaha. Ndani kimebaki kitu kama punje ya hindi. Mutoto mmoja akakiokota akakimeza. Dancille, miaka mitano, mdomo wa mutu mzima, akauliza kwa nini Monitere amewaletea gunia lililokojolewa. Nikasema hayo ndiyo mabadiliko. Akasema hapana, hayo ni mayi tu. Wote wakaanza kupigania gunia kwa sababu ni baridi. Somo likaishia hapo.

Jioni, Zéphirin alipoitwa na Madame, niliyachukua makopo yake. Sikuyatupa! Mimi si mutu mubaya. Niliyasukuma tu ndani ya kabati la ramani, nyuma kabisa, gizani. Mmea bila jua haufiki popote. Hilo nakumbuka nililisoma.

Jumatano, 8 Mei

Wazo jipya. Si langu, lakini siri hiyo ibaki hapa.

Nilinunua mkungu wa ndizi mbichi sokoni. Umetoka Kalengera. Hata ndizi zinakimbia huko! Nia yangu ilikuwa kuutundika darasani watoto wautazame mpaka ugeuke manjano. Dancille akacheka mpaka akashika tumbo. Kwao ndizi hazisubiriwi. Zinalazwa shimoni, zinapewa moshi, siku ya tatu zinaamka. Nikasema najua, nilitaka tu kuona nani anajua.

Nikachukua jembe nichimbe uani. Goma hii! Jembe liligonga jiwe jeusi, nikasogea, likagonga jiwe jeusi lingine. Mara ya tatu mpini ukakatika, jembe likaruka likapita mbele ya dirisha la Madame. Alitoa kichwa, akanitazama, akakirudisha.

Basi tukaenda kwa mama yake Dancille, Mama Nyirakamana, mjane anayekaa nyuma ya shule. Watoto ishirini na wawili kwa mstari, kila mmoja na ndizi zake mikononi. Shimo lake lilipasuliwa na marehemu mumewe kwa chuma, miezi miwili mizima. Tukatandika majani ya mgomba, tukapanga ndizi, majani tena, udongo juu. Pembeni makaa, na watoto wakapuliza moshi uingie kwa bua la mpapai. Walikohoa kwa furaha kubwa. Mama Nyirakamana akaniuliza, kwa adabu, kama ndizi hizi Monitere anazitakia mutobe. Nikasema mutobe, bila shaka. Baadaye nikamuuliza Dancille mutobe ni nini. Ni maji ya ndizi yaliyokamuliwa. Kwetu hatufanyi mambo haya. Ndizi tunanunua, tunakula, basi.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua toka asubuhi. Watoto wamefungiwa ndani na wameleta fujo ya ajabu. Wote wamelala sakafuni, wamejifunika majani na magunia, ati wao ni ndizi. Dancille anazunguka akiwapuliza, fuu, fuu. Anabonyeza tumbo la huyu, anasema bado ngumu. Anabonyeza la yule, anasema huyu amelainika, aamke. Anayeamka anaruka akipiga kelele kwamba yeye sasa ni mutamu. Niliwaamuru waache mchezo tukariri majina ya miezi. Walikataa kabisa. Ndizi hazisemi, walisema. Nikawaacha, nikasinzia kidogo.

Zéphirin anatafuta makopo yake. Amemshuku mlinzi, amewashuku panya. Nilimsaidia kutafuta kwa moyo wote. Tulitafuta bustanini.

Ijumaa, 10 Mei

Natoka msikitini, nasikia vigelegele darasani kwa Zéphirin. Makopo yameonekana. Yoo mama! Maharagwe yamekuwa marefu shubiri nzima! Meupe, membamba, yote yamepinda kuelekea ufa wa mlango wa kabati. Watoto wake wanayaimbia. Madame amesema hajaona kitu kama hicho tangu afike Kongo. Zéphirin akaeleza, kwa sauti ya padri, kwamba mmea gizani hukimbia kutafuta mwanga, na kwamba aliyaweka kabatini kwa makusudi, watoto walinganishe.

Muongo! Aliyeyaweka ni mimi! Na siwezi kusema. Chakula cha jioni sikukigusa. Mama ameniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Jumamosi, 11 Mei

Tumefukua shimo. Manjano! Zote manjano, na harufu imejaa mpaka barabarani. Watoto wakapiga kelele ambayo bado iko masikioni mwangu. Mimi pia nilipiga kelele, naandika ukweli. Dancille alikuwa anawaonyesha wengine kwamba ganda sasa linatoka lenyewe, na Jumatano lilikataa hata kwa kisu.

Mama Nyirakamana akatufundisha kukamua. Ndizi ndani ya beseni, nyasi safi, mikono mingi. Unakanda, unakanda, unadhani hakuna kitu, mara maji yanatoka! Kila mutoto alikunywa kikombe. Wakalamba na mikono.

Sasa sikiliza akili yangu. Nimebakiza chungu kizima kwa ajili ya Inspekteri. Zéphirin atampa nini, jani la haragwe? Mimi mwenyewe sikuonja, nisipunguze. Chungu nimekiacha kwa Mama Nyirakamana kwa sababu nyumba yake ina kivuli. Nilimwomba asiuache mutobe hivi hivi ukaharibika. Akanijibu Monitere asiwe na wasiwasi, toka azaliwe hajawahi kuacha mutobe ukaharibika. Mama wa heshima sana.

Jumatatu, 13 Mei

Niandike yote.

Inspekteri alifika saa tatu. Mrefu, miwani, daftari. Akatazama maharagwe ya Zéphirin, akaandika mstari mrefu. Kisha akaja kwangu. Mama Nyirakamana akaleta chungu mwenyewe, amekifunika majani. Juu kuna povu jingi. Nikadhani povu ni dalili ya kitu kipya! Nikajaza glasi kubwa, nikampa mgeni kwa mikono miwili.

Akanywa kidogo. Akasimama. Akaitazama glasi. Akanywa yote, akaomba nyingine. Nilimtazama Zéphirin kwa huruma.

Zéphirin akasogeza pua yake kwenye chungu. Kisha akasema kwa Kifaransa, kwa nguvu, ili hata barabarani wasikie, kwamba hii ni kasiksi. Pombe! Pombe ya ndizi darasani kwa watoto wa miaka minne! Na aliyeileta ni mimi, Kitwana, mwana wa mwalimu wa chuo cha Korani! Idi imepita siku kumi na mbili tu!

Mama Nyirakamana alibaki mlangoni, ametulia kabisa. Alieleza kwamba aliukuta mutobe umeachwa mtupu, bila unga, ungoje siku mbili. Nani anafanya hivyo? Monitere ni mwislamu masikini, hajui, akamsaidia. Alitia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani upate joto. Aliombwa usiharibike, na haukuharibika.

Madame akawa mweupe kama chaki. Inspekteri akaweka glasi chini, akauliza polepole kama watoto hawa wamekunywa. Kalengera sikuiona tena, niliona jela. Nikamwona mama anakokota ndoo.

Dancille akasimama, mikono kiunoni. Akamwambia Inspekteri kwamba watoto walikunywa ile ya Jumamosi, na ile ilikuwa sukari tu. Hii si ile. Hii imekula unga, imebadilika, inachemka bila moto. Sasa ni ya bapapa, wanaume wazima. Mutoto hainywi. Madame alitafsiri. Inspekteri akauliza mutoto amejuaje yote hayo. Dancille alipiga makofi mara mbili.

Wenzake wote wakaanguka sakafuni! Wakajikunja, wagumu. Akawapuliza, fuu, fuu. Akabonyeza matumbo. Wakalainika, wakaamka watamu. Wakavua makoti, ndiyo maganda. Wakakumbatiana wakasukumana, ndiko kukamuliwa. Wakaanza kutetemeka na kutoa mapovu ya mate, ndio unga umeingia. Halafu likaja jambo ambalo mimi sijawahi kuliona. Wakawa bapapa wanarudi nyumbani! Ishirini na wawili wanayumba. Mmoja anausalimia mlango. Mmoja anagombana na kiti. Mmoja mdogo kabisa alimshika Zéphirin mguu, akamwita mke wangu, akamwuliza chakula kiko wapi.

Inspekteri akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akawauliza watoto kama kasiksi inaweza kurudi kuwa mutobe. Aka, haiwezi! wakajibu. Na mutobe kurudi ndizi? Aka! Na ndizi ya manjano kurudi mbichi? Wakamcheka usoni. Akamwambia Madame kwamba watoto wa darasa lile wameona badiliko, na hawa wamelicheza kwa mwili wote. Mbele ya watu wote akasema ninabaki Goma.

Ninabaki! Alhamdulillahi! Madame ameongeza kwamba nikileta chungu tena hapa nitakwenda mbali kuliko Kalengera. Nilisema ndiyo Madame. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kama mutoto, kisha nikaenda kumchotea mama maji, ndoo mbili, huku naimba.

Jumanne, 14 Mei

Amani. Chai imekuwa tamu. Asubuhi nilimkuta mama anatoa nguo kwenye sanduku, nikauliza kulikoni. Kumbe tangu Ijumaa alikuwa anafunga vitu vyetu kimya kimya! Alisema kama ningepelekwa Kalengera angekuja nami, miguu ikipenda isipende, na baba yangu angemsamehe. Nilimbusu mikono. Masanduku mawili mazima alifunga, mwanamke asiyeweza kuinama. Nimeapa kwamba kuanzia leo nitatulia, nitafundisha, sitashindana na mutu.

Mchana Zéphirin akaja kuaga. Nilitayarisha uso wa huzuni. Hakuuhitaji. Anaenda Kalengera kuwa direkteri! Direkteri wa shule mpya! Nyumba ya matofali, sakafu ya saruji, baiskeli mpya yenye taa! Kilikuwa cheo! Inspekteri alikuwa anatafuta mutu wa kupandishwa, na Madame hakutuambia, ati tusije tukagombana.

Sakafu ya saruji. Miguu ya mama ingependa saruji.

Nimefikiri vizuri. Zéphirin hana kifua cha safari, mutu yeyote anaweza kumsikia akikohoa, na Inspekteri ana haki ya kupewa habari hiyo kwa barua, bila jina. Lori la Kalengera linapita Alhamisi, na kumbe lina kiti kizuri mbele. Mama amemaliza kufungua sanduku moja, anaimba. Nimemwambia la pili aliache kama lilivyo.