Vifungio vya Bei Nafuu kwa Wanagenzi wa Kök-Jar

Makomredi, ndugu zangu katika mapambano makali dhidi ya mteremko. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa huyo mwakilishi, ambaye yuko njiani tangu jana. Wazee wetu wenye kofia ndefu nyeupe na busara ndefu kuliko kofia. Mama zetu wa kamati ya chai. Wakurugenzi, makaimu wakurugenzi, na wanaokaimu nafasi za makaimu. Vijana wa Kikundi cha Ubao wa Theluji cha sekondari yetu, mliokuja na mbao zenu kwapani kana kwamba kuna mtu atateleza humu ukumbini: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naiomba ijizingatie yenyewe. (Makofi. Mzee mmoja anaamka.)

Mimi, Turdubai Asankojoev, ambaye kwa heshima mnaniita Turduke, na ambaye kwa unyenyekevu sijawahi kuwakataza, nasimama mbele yenu kama Naibu Mkuu wa Wilaya anayeshughulikia Farasi, Maji Taka na Michezo ya Baridi, kuwatangazieni ushindi. Mnajua kwamba Jumapili hii ni mashindano ya wanagenzi. Mnajua pia kwamba wenye mteremko wametamka, bila kunishirikisha kama mdau, kuwa kikundi kitakachoshindwa kuteremsha hata mpandaji mmoja kitanyang'anywa zamu yake ya mlimani msimu ujao, nayo zamu hiyo watapewa wageni wa hoteli. Vijana wetu wanazo mbao, msaada wa watu wema wa Almaty. Ila mbao hizo zilikuja tupu, hazina vifungio vya kukishika kiatu cha mpandaji kikatulia juu ya ubao. Na ubao usio na vifungio, makomredi, ni rafu ya vitabu. (Kicheko. Vijana hawacheki.)

Je, serikali ililala? Haikulala. Iliketi. Iliunda Kamati ya Kuchagua Vifungio vya Bei Nafuu, ikaipeleka katika hoteli ya maji moto kando ya ziwa, ikaijengea uwezo kwa semina elekezi, ikafanya upembuzi yakinifu, kisha upembuzi wa ule upembuzi, na baada ya kuchakata mchakato mzima kwa jicho la tija na moyo wa uzalendo, ikagundua kuwa asilimia mia moja na kumi na nne ya vijana wetu wanahitaji vifungio, ile ziada ya kumi na nne ikiwa imetokana na hamasa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina. Vijana hawa walikuwa wakiviita kwa neno la Kirusi, mbele ya wazee, bila haya. Nikasema: taifa lililozaliwa juu ya farasi haliwezi kukosa neno la kitu kinachoshika mguu. Nikalirudisha neno la babu zetu, üzöngü, kile kikuku cha chuma kinachoning'inia kwenye tandiko, ambamo mpanda farasi hutia mguu. Na tangu siku hiyo nyaraka zote za wilaya zinasomeka "vikuku vya ubao". (Wazee wanapiga makofi kwa dhati.) Jina likishapatikana, sifa hujileta zenyewe. Kikuku chema ni kipi? Hata mtoto wa miaka mitano hapa atakwambia: ni kile kinachouachia mguu mara tu mpandaji anapoanguka. Kwa hiyo tukaazimia, kwa kauli moja, kwamba kifungio cha mwanagenzi kiwe kinaachia mapema, na kwa kuwa mwanagenzi huanguka mara nyingi, kiachie mara nyingi.

(Msichana anasimama safu ya tatu. Ni Aizirek, nahodha wa kikundi.)

Naona mkono. Si wakati wa maswali, lakini mimi ni baba.

("Turduke, farasi akikuangusha na mguu ukabaki kwenye kikuku, utaburutwa. Hilo tunalijua sote," anasema Aizirek. "Lakini ubao hauna miguu ya kukuburuta. Sisi tukianguka tunataka ubaki nasi. Ukiachia, unashuka mlima peke yake, na kule chini anakaa mama yangu na tanuri lake la samsa.")

(Kicheko kikubwa. Bi Burulkan, mama yake, anaongeza kutoka kamati ya chai kwamba Turduke amjibu mtoto, maana yeye hajamaliza kuzizika samsa, zile sambusa za kuoka, zilizogongwa na ubao mwaka jana.)

Swali zuri, limepokelewa, na litaundiwa kikosi kazi. Tuendelee. Binti huyu huyu alifika ofisini kwangu wiki iliyopita, akanieleza kwamba mwanagenzi anahitaji vifungio laini, vinavyomsamehe mguu unapokosea. Kwamba apime na kiatu chake mwenyewe, akaze mikanda hadi kisigino kisiinuke. Kwamba akague kama matundu ya sahani, lile bamba la chini ya kifungio, yanalingana na ya ubao. Na kwamba vilivyotumika havina aibu, ilimradi plastiki haina ufa na meno ya mkanda hayajalika. Nilimsikiliza kwa masikitiko. Laini? Ulaini huzaa uzembe, uzembe huzaa maswali. Kijana wa Kök-Jar atapewa kifungio kigumu kama dola, cha saizi moja kwa wote, kwa sababu usawa ni usawa, na mguu usiotosha ujirekebishe. (Makofi hafifu. Mtu anakohoa kwa namna ya kucheka.)

Na sasa, kwa mamlaka niliyokabidhiwa na niliyojikabidhi, naondoa kitambaa hiki, ili mshuhudie kwa macho yenu matunda ya mradi.

(Kitambaa kinaondolewa. Mezani kuna jozi moja ya vikuku vya farasi, vya shaba, vimesuguliwa vinang'aa.)

(Mzee Kasymaaly, aliyeamka mwanzoni, anasogea mbele akikaza macho. "Turdubai," anasema, na safari hii haongezi heshima yoyote, "hivyo si vyangu? Mkeo alisema anaviazima kwa ajili ya picha za harusi.")

Mzee wangu, hiyo ni sampuli. Wilaya haiogopi sampuli.

("Na vifungio vyenyewe viko wapi?" anauliza Aizirek.)

Viko katika hatua ya dhana, binti yangu, na dhana hiyo imepitishwa.

(Aizirek hakai. Anawageukia wenzake na kuwaambia kwamba Jumapili hawadaiwi kikundi kizima, wanadaiwa mteremkaji mmoja. Kwamba yule Rakhat wa bazaari ana jozi ya zamani, laini, wameshaipima na viatu vyao wiki hii na kisigino kimetulia. Kwamba jozi moja kwenye ubao mmoja inawatosha. "Tutabadilishana wapandaji, si vifungio," anasema. "Nani anakuja?" Vijana wanainuka na mbao zao. Bi Burulkan anavua aproni, anawafuata, akisema anataka kuviona kwa macho kabla havijaletwa karibu na tanuri. Kamati ya chai inamfuata Bi Burulkan.)

Anayetoka afunge mlango, baridi inaingia. Nashukuru kuona vijana wakiondoka kwa hamasa. Sasa shukrani. Namshukuru mwandishi wa gazeti la wilaya, ambaye habari yake ya makabidhiano haya ilitoka juzi, ikiwa na picha. Naishukuru Kamati ya Kuchagua Vifungio, yaani mimi na dereva wangu, kwa kukubali kuwa kamati baada ya ripoti yake kukamilika. Nawashukuru wataalamu wa semina, ambao kama wangekuwepo wangefurahi. Naushukuru kipekee mradi wenyewe, kwa kuwa haukuanza, haukupata doa hata moja, na kwa sababu hiyo unahesabiwa kuwa mradi safi kuliko yote katika historia ya wilaya. (Mzee Kasymaaly anachukua vikuku vyake na kutoka.)

Mteremko, hoyee! Vikuku vya ubao, hoyee! (Dereva peke yake: "Hoyee.") Kazi na dhana!

Tangazo la mwisho, kwa waliobaki. Mkutano ujao utafanyika Jumapili hii, saa nne kamili asubuhi, saa ile ile ya mashindano, humu humu ukumbini. Ajenda ni moja: kuchunguza kwa nini vijana wetu hawakuonekana mlimani.