Nguchiro wa Mnada wa Mavuno

Jumatatu, 6 Oktoba
Swila ameonekana kanisani! Amehamia chumba cha mchungaji, nyuma ya madhabahu. Mchungaji Keziah sasa anavalia joho lake nje, kwenye upepo wote huu wa Endarasha. Wazee walitoka mbio. Nami nilitoka mbio, lakini kwa heshima.

Jumapili tunamchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Wamae, yule mwenye duka la chakula cha mifugo, anakitaka kiti. Mimi nakitaka zaidi! Nimefundisha watoto wao wote hapa, na bado naitwa mgeni wa kutoka Bungoma. Lakini atakayemuua yule nyoka, nani atamnyima kura?

Jumatano, 8 Oktoba
Wamae amemwaga mafuta ya taa mlangoni mwa kile chumba. Nyoka hajahama. Waliohama ni kwaya.

Mafuta ya taa! Mimi ni mwalimu wa sayansi. Adui wa nyoka ni nguchiro: mwepesi, mkali, na sumu haimsumbui sana. Naliaka, mke wangu, aliuliza kwa nini nisimwite tu mtu anayejua kushika nyoka. Nikamwambia kwamba basi huyo mtu ndiye atakayechaguliwa. Alirudi kwa kuku wake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemnasa nguchiro! Mtego wa waya, chambo yai. Alilipiga yai kwenye jiwe, akalilamba lote, akanitazama kama anayesubiri la pili. Kisha akaniuma kidole. Safi! Ukali kama huo ndio ninaoutaka.

Nimemtia katika katoni ya sabuni na kuitoboa matundu apumue. Jumapili, baada ya mahubiri, nitamfungulia kule chumbani watu wote wakitazama. Nimeanza kuandika hotuba ya shukrani.

Jumapili, 12 Oktoba
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nguchiro ameuuma tena.

Niliiacha katoni karibu na mlango wa kile chumba. Nilisahau kabisa kwamba leo ni Jumapili ya mavuno! Tabby, mama wa zamu, aliona katoni yenye matundu, akaamua ni kuku wa sadaka. Akaibeba hadi meza ya mnada, katikati ya kabeji na viazi. “Mwalimu, hii kuku yako ni kali, ati imenikwaruza!” Kanisa zima likapiga makofi. Ningesemaje? Kwamba nimeleta mnyama wa porini ibadani?

Ilibidi nimnunue nguchiro wangu mwenyewe. Nikataja bei. Wamae akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena, akitabasamu. Nilipandisha hadi Naliaka akanivuta koti. Wamae akamchukua! Na kwa kuwa Wamae hawezi kununua kitu bila kujionyesha, akamtoa zawadi kwa mchungaji, bila kufungua katoni. Zawadi za mchungaji huwekwa wapi? Chumbani mwake. Wamae aliisukuma ndani kwa ufagio, pamoja na trei zote za mayai ya mavuno, akafunga mlango upesi.

Katikati ya maombi, vurumai! Vishindo, mikwaruzo, katoni ikipasuka. Kisha kimya. Mzee Muriithi alichungulia dirishani, akapiga kelele kwamba swila amekufa, shingo imetafunwa, na aliyemuua ni nguchiro wa Wamae. Wa Wamae! Watu walikuwa wameshamwinua juu. Nikaruka juu ya benchi, nikapaza sauti kwamba ni wangu, nimemkamata mimi, aliyoyafanya mle ndani yote ni yangu!

Ndipo Tabby akafungua mlango. Nguchiro akampita miguuni, masharubu yote ya manjano, akatokomea kwenye viazi.

“Uuui! Mayai yote imeisha!”

Wamae alisema, kwa upole mwingi, kwamba Mwalimu ameshakubali mbele ya kanisa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Wamae ni mwenyekiti. Ati aliongozwa na Roho kuinunua ile katoni. Mimi nitalipa mayai, yaani kuku wa Naliaka watalipa. Ameniuliza jambo moja tu: nimejifunza nini.

Nimejifunza! Darini mwa kanisa kuna popo, na Wamae ameahidi kuwafukuza kwa moshi. Moshi! Kuna mtu wa Kerugoya anayeuza mizinga ya nyuki wakali sana. Nimeshampigia simu. Jumapili naupandisha mmoja darini mapema, kabla ya ibada.

Nyuki hawali mayai.