Hadubini Kumi na Mbili za Sista Benedicta

Jumatatu, 4 Juni 2007. Guangzhou.
Sikulala. Chumba kiko ghorofa ya kumi na tisa na lifti ya hoteli hii inaguna ikipanda. Asubuhi nikashuka kwa ngazi. Madam Careen alinisubiri mapokezi dakika ishirini, akauliza kama tumbo linanisumbua. Nikamwambia nafanya mazoezi.

Niandike kwa utaratibu, nikifa huku wajue. Tumetumwa wawili: mimi, Mwalimu Gaudence, Fizikia, na yeye, Baiolojia. Mtumaji ni Sista Benedicta, mkuu wetu wa Sekondari ya Wasichana ya Mtakatifu Apolonia. Tununue vifaa vya maabara mpya. Wakaguzi wanakuja Agosti. Wakiikuta tupu, wasichana wa Kidato cha Nne watafanya tena ule mtihani wa sayansi usio na vitendo, wa kuelezea vifaa ambavyo hawajawahi kuvigusa. Mwaka jana walilia. Sista kasema hawatalia tena yeye akiwa hai.

Nafasi ya mkuu wa idara ya sayansi iko wazi. Sista hakuahidi, alisema tutaona, lakini alikuwa ananitazama mimi. Macho ya yule mama! Nikiyakumbuka tu kijasho chembamba kinanitoka.

Tumegawana orodha. Madam Careen kachukua mizani na vyombo vya kioo. Mimi nimeukamata mstari mzito kuliko yote: "Hadubini 12". Sista kakosea herufi, maskini, umri huo. Nimesahihisha kwa kalamu nyekundu: darubini. Kimoyomoyo nikampa tisa kwa kumi.

Jumanne, 5 Juni.
Ushindi! Darubini zote kumi na mbili nimezipata barabara ya Yide Lu, kwenye duka lililobanwa katikati ya maduka ya vinyago vya watoto. Laobani, ndivyo wanavyomwita mwenye duka huku, ni mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Kila darubini ina miguu mitatu, na boksi lina picha ya mwezi. Madam Careen hata mizani hajapata. Nimekula wali wa yai kwa raha zangu.

Baadaye. Nimekwisha!

Madam Careen alifungua boksi ili tufurahi pamoja. Akauliza hivi ni vya nini. Nikasema vya kuonea. Akasema, taratibu, kama anafundisha Kidato cha Kwanza, kwamba darubini ni ya kuonea vya mbali, nyota na meli. Hadubini ni maikroskopu, ya kuonea chembe hai. Sista hakukosea herufi.

Nikasema najua, nilikuwa nampima tu. Kisha nikaenda kujifungia msalani. Miaka tisa nafundisha kwa Kiingereza, hadubini ningeijulia wapi? Kibarua kimeota nyasi.

Jumatano, 6 Juni.
Nimeamka na wazo. Darubini ukiitazama kwa mbele inakuza. Basi ukiigeuza lazima ifanye kazi nyingine. Nikaomba kipande cha kitunguu mgahawani, nikakibandua ngozi, nikachungulia kwa nyuma. Kitunguu kikaenda mbali sana. Kikawa kama kiko Tanzania. Nikasogea, nikajipaka maji yake machoni, nikalia nusu saa. Mfanya usafi aliingia akanikuta nalia mbele ya kitunguu. Akatoka kinyumenyume.

Mpango wa pili: kumlainisha Sista. Nikaenda kibanda cha simu hapa mtaani kwetu, Xiaobei. Aliposema "haloo" tu, nikasimama wima kama mwanafunzi. Nikamuuliza kama amewahi kuufikiria mwezi. Akauliza nimekula nini. Nikasema elimu ya nyota ni sayansi pia, tena hata Mamajusi waliifuata nyota hadi kwa Mtoto Yesu. Sista akajibu kwamba Mamajusi hawakuwa na mtihani mwezi wa Oktoba. Akataka kujua kama hadubini zimepatikana. Nikasema zinakuja. Akasema amekwisha kuwaambia wasichana, na wamefua mapazia ya maabara kwa furaha.

Mapazia! Simu nilikata mwenyewe, nikasingizia mtandao.

Alhamisi, 7 Juni.
Nimenusurika kuuawa. Nilirudi Yide Lu na boksi moja ili niombe kubadilishiwa. Tangu jana nilikuwa nakariri sentensi moja ya Kichina niliyofundishwa na Lucas, mwanafunzi wa chuo hapa. Nilipofika mlangoni sentensi yote ikayeyuka. Laobani akaniona, akaona boksi, akaanza: buyao, buyao! Hilo nalijua, ni kukataa. Akamwita mtu ndani. Likatoka jitu limeshika nondo.

Nikatoka nduki. Nilikimbia na darubini kifuani hadi lile kanisa kubwa la mawe barabara hiyohiyo, nikaingia, nikapiga magoti nyuma ya nguzo. Nikasali rozari nzima, sehemu nyingine mara mbili. Bibi mmoja wa Kichina akanipa leso.

Nikampigia Madam Careen hotelini kwa simu ya kanisa, nikamwambia kweli, karibu yote. Hakunisema. Aliichora hadubini kwenye karatasi, akachukua teksi na maboksi kumi na moja, akapitia kanisani kulichukua la kumi na mbili. Mimi nikabaki kanisani kusimamia kwa sala. Saa moja baadaye akarudi. Laobani ana binamu anayeuza hadubini mtaa wa nyuma! Wamebadilishana zote kumi na mbili. Yule wa nondo ndiye aliyebeba maboksi. Nondo ni ya kufungulia mlango wa duka. Tena wamempa na mfuko wa laichi, yale matunda mekundu ya huku.

Nilikula laichi nne. Nikasema nimeshiba.

Ijumaa, 8 Juni.
Madam Careen kasema Sista hatajua lolote kupitia kwake. Ana ombi moja tu. Yeye kesho anakwenda kufuata vyombo vya kioo. Mimi niyafikishe maboksi kwa Mwadini, wakala wa mizigo, nisifungue kitu. Karudia mara tatu: nisifungue kitu. Utadhani anaongea na mtoto.

Nikaenda kwa Mwadini kuulizia nafasi. Kijana wa Tanga, mcheshi. Nikamuuliza kama mizigo huwa salama melini. Akacheka, akasema makuli bandarini huyarusha maboksi kama mipira. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Tangu jioni nasikia vioo vikivunjika kichwani.

Jumamosi, 9 Juni.
Nimefungua.

Lakini kwa akili! Kila hadubini ina lenzi tatu za kukuzia, vijipipa vidogo vya shaba, vinafunguka kwa kuzungusha. Nimezitoa zote. Thelathini na sita. Nimezitia kwenye soksi yangu ndefu ya kuchezea mpira, nitazibeba mwenyewe kwenye begi la mkononi. Mengine yote nimeyafunga upya na kumkabidhi Mwadini. Makuli warushe wanavyotaka.

Na jambo hili si la usalama tu. Siku hadubini zitakapofika zitakuwa vipofu mbele ya Sista, wasichana na Baba Paroko. Hapo nitasimama, nitatoa soksi, na kila jicho litarudi mahali pake. Tuone basi nani mkuu wa idara. Madam Careen sijamwambia. Angeniharibia.

Jumapili, 10 Juni. Ndani ya ndege.
Naandikia gotini, mwandiko usomwe kwa huruma.

Uwanjani begi likapita kwenye mashine ya ukaguzi. Afisa akalivuta pembeni. Nikachungulia kwenye skrini yake. Yesu na Maria! Safu za vijipipa vya shaba ndani ya soksi. Risasi! Zilionekana risasi tupu! Madam Careen alikuwa ameshapita, hakuona kitu.

Afisa akazimimina kwenye trei. Akachukua moja, akaiangalia kwenye taa, akaitumia kutazama ukucha wake. Akatabasamu. Akazirudisha zote kwenye soksi, moja moja, kwa uangalifu, akaninyooshea.

Tabasamu! Mimi si mtoto, nikajua ni mtego. Nikishika tu, pingu. Nikatikisa kichwa: si zangu. Akaninyooshea tena. Nikainua mikono yote miwili: si zangu, sizijui, hata soksi siijui. Akanitazama miguuni. Mguu mmoja ulikuwa umevaa pacha wake, mwingine ulikuwa mtupu. Nikachukua begi nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Nimepita salama! Namshukuru Mungu kwa kunipa akili ya haraka.

Madam Careen amelala hapa pembeni, orodha iko mapajani, kila mstari umewekewa alama ya vema. Mimi nimeshapanga. Nitamweleza Sista kwamba Guangzhou hadubini huuzwa bila lenzi, lenzi hununuliwa safari ya pili, na zinahitaji mtaalamu wa Fizikia. Nitajitolea kurudi. Tena peke yangu, maana Madam Careen ana tabia ya kuingilia kazi za watu.