Protus Oduori na Ukurasa wa Mwisho Katika Foleni ya Malaba

Sogeeni, enyi mnaopanga foleni na enyi mliokwisha choshwa na foleni! Zimeni injini, tueni vikombe vya uji, zisikieni habari za Protus Oduori, mzaliwa wa Burumba, mkaazi wa Malaba, Mgane wa Kofia ya Sufu, aliyesoma hadi darasa la tano na kubishana na serikali nne. Zisikieni habari za siku ile alipokwenda vitani peke yake, bila ngao wala mkuki, ndala mguuni, kuupigania ukurasa mmoja wa karatasi.

Ngome yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, pale matrela yanapolala siku mbili tatu yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Na hazina ya ngome hiyo ilikuwa katoni moja. Ndani yake marehemu mkewe, Wilkista, alikuwa ameacha riwaya sitini za mapenzi, zote za waigizaji wa jukwaani: mabinti wa mapambo na machozi, vijana wa kuvuta mapazia, matajiri wenye kumbi na nia mbaya. Wilkista alipokosa wateja, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsomea mumewe kwa sauti. Naye Protus alinung'unika.

"Watu wazima wanajipaka poda na kulia mbele ya watu! Wakubwa wangewapa kazi, haya yote yangeisha."

Lakini Wilkista akinyamaza anywe maji, nani aliuliza kama si Protus mwenyewe, "Enhe, na yule wa taa, alifanyaje?"

Kisha maradhi yakaja. Dawa haikuwapo, na wenye kuileta, kama asemavyo Protus mpaka leo, walikuwa kwenye semina. Siku ya mwisho mama yule alimshika mkono akamwambia, "Protus, uza vitabu. Lakini usiwape watu wa njugu." Maana wauza njugu wa Malaba hununua vitabu vikuukuu kwa kilo, wakachana kurasa na kuzikunja mfano wa pembe za kufungia njugu. Protus akaapa.

Miaka miwili akauza, kimoja kimoja, kwa madereva waliokwama, mpaka vikatoka hamsini na tisa. Kikabaki kimoja, *Nimulike Tena*, kile alichokuwa akisomewa na Wilkista siku mkewe alipoanguka, zikiwa zimebaki kurasa kumi. Protus alijua kusoma, polepole, kama trela inayopanda mlima. Ila kila alipofungua kurasa zile kumi alisikia kimya kinachotoka juu ya ile ndoo, akakifunga kitabu na kuilaani serikali.

Basi ilipokuwa Alhamisi, jua likiwa kali mno, akaja Mercyline, ajenti wa kupitisha mizigo, mwanamke wa maneno machache na viatu vya kukimbilia.

"Mzee, hii ndiyo ya mwisho? Naichukua. Mamangu amelazwa hospitali ya Kocholia. Hataki uji, hataki maombi, anataka hadithi. Wacha nione kama ina mwisho. Juzi nilinunua moja Busia haikuwa nao, nikakosa usingizi."

Akafunua nyuma. Uso wake ukabadilika.

"Mzee. Kurasa ya mwisho iko wapi?"

Protus akatazama. Jua la Malaba lilikuwa limeyeyusha gundi, na karatasi ya mwisho haikuwapo! Akageuka, na hapo jirani, nyuma ya karai la njugu, akamwona Quinter akilamba chumvi kidoleni.

"Quinter! Umeona karatasi hapa?"

"Ile ilianguka asubuhi? Nilifungia njugu. Kilicho chini ni cha nani, mzee?"

"Umemfungia nani?"

"Dereva wa simiti, wa trela ya kichwa kijani. Ako mbele huko karibu na geti."

Protus akasimama kama mti uliopigwa radi. Kiapo chake chote, miaka miwili, kilikuwa kimejaa njugu za shilingi ishirini.

"Mimi nakungoja mpaka saa saba," akasema Mercyline. "Saa saba naenda kwa mama, na kitabu ama bila."

Na hapo, enyi wasikilizaji, adui akainuka. Siku tatu sistimu ya kompyuta za pale mpakani ilikuwa imelala, na siku tatu Protus ameitukana asubuhi na jioni. Saa hiyo hiyo honi zikalia kutoka mwanzo wa foleni hadi mkia, na madereva wakapaza sauti: "Sistimu imerudi!" Matrela yakaanza kujikokota kuelekea geti.

Akatoka Protus mbio. Moshi mweusi ulimlaki kama majeshi, akaupasua. Wauza mayai wakamkatiza, akawaruka. Ndala ya kushoto ikafa katika matope ya mtaro, akaiacha hapo ilipofia. Akaifikia trela ya kichwa kijani, akaudandia ubavu wake kwa mkono mmoja, akanguruma:

"Wewe mwenye simiti! Rudisha karatasi iliyofunga njugu!"

Dirishani akachungulia Ignatius, dereva wa ndevu na tumbo, pembe ya karatasi kiganjani, njugu zimekwisha, macho mekundu.

"Hii? Siachi, mzee. Nimeisoma mara nne. Taa inawaka, dada analia, halafu..."

"Usiniambie!" Protus akaziba sikio moja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshika gari. "Miaka miwili nimekaa bila kuujua mwisho!"

"Na mimi nimekaa na mwisho bila mwanzo! Unadhani nitavuka Uganda hivi? Nieleze kwanza huyo Salome alikuwa analilia nini, ndio nikupe."

Geti likakaribia, mita hamsini. Basi Protus, aliyewadharau wajipaka poda maisha yake yote, akashuka, akafungua kinywa akitembea kando ya gurudumu, akasimulia: jinsi Salome alivyokuja mjini na sanduku la kamba, jinsi Tito, mshika taa, alivyommulika siku ya kwanza aliposahau maneno, watu wakadhani kusahau kule ni kuigiza, jinsi tajiri mwenye ukumbi alivyomfukuza Tito kwa wivu. Aliyasema kama Wilkista, pale mkewe alipokuwa akishusha sauti akashusha, alipokuwa akivuta pumzi akavuta. Madereva wakateremsha vioo.

Mita ishirini. Mita kumi. Na hadithi ilikuwa imebaki nusu.

Ndipo Protus Oduori akainua uso kuelekea ofisi za wakubwa na kuomba ombi ambalo hakuwahi kuliomba. "Enyi mnaokunywa chai! Mmeniangusha kwa dawa, mmeniangusha kwa barabara. Niangusheni na leo, mara moja tu!"

Boriti ya geti ikashuka. Askari akapunga mkono wa kuchoka. "Zimeni! Sistimu imeenda tena!"

Foleni nzima ikalaani. Mtu mmoja tu, mwenye ndala moja, akapiga kelele ya furaha. Akamaliza hadithi kwa nafasi, mpaka pale Wilkista alipoishia. Ignatius akapangusa ndevu, akaikunjua karatasi, akainyoosha juu ya usukani, akaitoa kwa mikono miwili.

"Chukua, boss. Mambo yote sasa yameingia."

Saa saba kasoro dakika mbili Protus akaiweka karatasi mbele ya Mercyline, ina chumvi na mafuta, lakini nzima.

"Soma," akasema, "uhakikishe ni yenyewe. Kwa sauti."

Mercyline akaketi juu ya ndoo, maana hapakuwa na kiti kingine. Akasoma: ukumbi umebaki mtupu, tajiri anangoja garini, na Salome amerudi jukwaani gizani. "Tito, kama bado uko juu huko, nimulike tena." Na taa ikawaka.

Protus akageukia barabara.

"Mzee, unalia?"

"Ni moshi wa malori. Hata moshi umewashinda wakubwa."

Basi na iandikwe, na wa Malaba wawaambie wa Busia, kwamba siku hiyo kitabu cha sitini kiliuzwa na mwisho wake, kikaenda Kocholia kusomwa kwa sauti, na kiapo kikatimia.

Quinter akasogea. "Mzee, na hiyo katoni tupu?"

Protus akaigeuza, akaikung'uta vumbi.

"Chukua," akasema. "Wilkista alisema vitabu. Katoni hakuitaja."