Gazania Zimenipa Mgongo

Jumatatu, 26 Agosti
Gazania zimechanua zote! Uani hapaonekani udongo, ni maua ya dhahabu tupu. Jumamosi Mwalimu Joseph anakagua bustani za kijiji, na mshindi ndiye atakayemkaribisha mchungaji mpya kwa chai. Kila mwaka hushinda jirani yangu, mjane Katriena Cloete. Mwaka huu basi! Nimeketi barazani nizifaidi. Naona migongo tu. Nyuso zote zimeelekea kaskazini, kwa Katriena, naye amekaa barazani kwake na kahawa, anatabasamu.

Mke wangu Trui anasema hata mtoto mchanga wa Namakwa anajua ua hufuata jua, na huku kusini mwa Afrika jua hupita kaskazini. Nimemjibu la kwangu litafuata amri.

Jumanne, 27 Agosti
Nimeng'oa kioo cha kabati la Trui, nikakisimamisha barazani kizirudishie jua upande huu. Beberu wetu akaona beberu mwingine. Hakumpenda. Kioo kwishnei. Trui hasemi nami.

Alhamisi, 29 Agosti
Nimetundika mablanketi kwenye uzio. Kama sizioni mimi, asizione na yeye! Kivuli kikaziangukia, zikajifumba zote. Katriena akachungulia kwa juu: "Jirani, mbona umezilaza mapema? Zinaumwa?"

Mablanketi nimeyaondoa kwa hiari yangu.

Jumamosi, 31 Agosti
Nimemdaka Mwalimu langoni, nikamketisha kwangu. Akatazama weee, akasema majani yana afya. Majani! Katriena akamwita kwa kahawa na biskuti za kuchovya. Akavuka. Mara namsikia akisema hajapata kuona bustani kama ile tangu azaliwe. Akanitangaza mshindi papo hapo! Nikaruka. Sijatua, akaongeza: "Ila chai tutanywea kwa Katriena, Abram. Bustani yako inaonekana huku. Wewe utatuletea viti."

Jumapili, 1 Septemba
Nimebeba viti. Mchungaji kamshukuru Katriena kwa mandhari. Trui kacheka mpaka kasahau kuninunia.

Wacheke. Abram Beukes hashindwi na kiua kisichofika hata kifundo cha mguu! Kesho gazania nang'oa zote. Nimeshaagiza mbegu za alizeti. Lile ni ua kubwa, refu, lina shingo yake. Halitakubali kuburutwa na jua.