Vidole Vinne Chini ya Koo

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka. Iliyoileta ni simu ya Twalib Redio, mchuuzi wa dagaa ambaye kila Jumatatu hutoka Musoma na magunia yake, na akifika Bunda hushusha kwanza maneno, ndipo ashushe mzigo.

"Mmesikia?" alisema kabla hajaketi. "Kwaya imetungiwa sheria ya kifua!"

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibaraza cha fundi Rhobi. Rhobi alikuwa na pini nne mdomoni na mguu kwenye cherehani. Aliposikia, mguu ukasimama. Yeye sheria hiyo aliijua tangu wiki iliyopita. Ilikuwa inaning'inia mlangoni pake, rangi ya zambarau, na zipu mgongoni.

"Hebu soma, mura, kijana wangu," alisema Machibya, mkulima wa pamba ambaye mahindi yake huliwa na tembo kila mwaka, mpaka kijiweni wakamwita Tembokala.

Twalib akasafisha koo kama mtangazaji. "'Kamati ya Kwaya imeazimia ya kwamba, kuanzia tamasha la Butiama, kila gauni la mama liwe na hifadhi ya kifua iliyoshonewa humo humo. Iwe vidole vinne chini ya koo. Isifunguke juu, isifunguke chini, isifunguke pembeni.'"

"Hifadhi?" Tembokala akashika kichwa. "Mimi nakaaga mpakani na hifadhi. Hifadhi ninayoijua mimi, waliomo wanatokaga wakitaka. Kaulize shamba langu."

Bibi Tabitha, mwenye birika la kahawa, alicheka mpaka kashata zikaruka kwenye sinia. Huyo wanamwita Bibi Tega, kwa sababu kwake hupati kikombe cha pili bila kitendawili.

"Na kisa ni nini?" akauliza.

"Kisa ni ile Jumapili ya mavuno," alisema Twalib. "Mimi si wa kanisani, nasimulia nilivyosimuliwa. Kwaya iliimba ule wimbo wa kupanda mbegu, kina mama wakawa wanainama wote kwa pamoja. Kamati imekaa mstari wa mbele. Wanasema waliona mambo."

"Waliona mara ngapi?"

"Wimbo una beti sita, bibi."

"Na katika beti sita hakuna aliyefumba macho?"

"Walikuwa wanahakikisha."

Rhobi alicheka puani, asije akameza pini. Lakini kicheko hakikumfika moyoni. Thelathini ndiyo hesabu ya magauni yale, na asubuhi hiyo hiyo sampuli ilikuwa inakaguliwa. Ikikataliwa, jora zima linafungwa na kupelekwa kwa fundi wa Musoma. Na hilo lilikuwa nusu tu ya kilichomkaa rohoni. Nusu ya pili ilikuwa ndani ya gauni lenyewe. Rhobi alikuwa amenyonyesha wanawe wanne juu ya cherehani hiyo hiyo, mkono mmoja kwenye kitambaa. Alipochora ile hifadhi, alitandika kitambaa cha pili juu ya kifua kama pazia la dirishani, na chini ya pazia akaacha upenyo pembeni, hauonekani hata ukiutafuta. Mama aimbe, ainame, anyonyeshe, na jirani asijue. Kazi ile ilimpendeza mpaka akalala nayo mkononi.

Jumamosi akaja katibu wa kamati, akapitisha kidole kwenye mshono, kidole kikazama. "Hii nini? Mlango? Shona!" Rhobi akamwambia, "Mzee, katika hao thelathini, kumi na mmoja wananyonyesha." Akajibiwa, "Kanuni haina mtoto." Akashona.

"Basi mimi nina changu," alisema Bibi Tega akimimina kahawa. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Hoteli yangu haina jiko, mteja wake hana jino, na ukimfungia mlango, mtaa mzima hautulii."

"Benki!" akadakia Twalib.

"Mteja wa benki hana jino?"

"Mstaafu anayefuatilia pensheni."

"Kaa chini, Twalib."

"Ni kamongo," alisema Tembokala. "Yule samaki anajificha kwenye matope."

"Kamongo ana meno ya kukukata kidole, wewe mzaliwa wa ziwani usiyejua samaki. Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Musoma," alisema Twalib.

"Musoma upepo wa ziwa uliniibia kilemba. Siendi."

"Suguti."

"Suguti kwa shemeji yangu, ataniuliza kuku wake. Siendi."

"Haya, Butiama!"

"Hapo sawa. Naanza safari. Nikifika nitawaambia. Sasa hivi bado nafunga khanga."

Hawajamaliza kucheka, akatokea mwenyewe, katibu wa kamati, Mzee Yakobo, maarufu kama Mzee Kanuni. Faili kwapani, ndevu zimechanwa, na shati limefunguliwa vifungo mpaka karibu na kitovu, kifua kimejaa mvi.

"Karibu mzee," alisema Bibi Tega. "Hicho kifua ni cha maonyesho au ni cha kuuza?"

"Joto, bibi. Joto la leo."

"Kumbe. Na kina mama wa kwaya huwaga wanaimbia kwenye barafu."

Mzee Kanuni akajifanya hakusikia. Akageukia mlangoni. "Fundi, tukague. Vidole vinne chini ya koo vipo?"

"Vidole vya nani, mzee?" Rhobi akauliza akitoa pini mdomoni.

"Vidole ni vidole."

"Sivyo. Twalib, lete mkono." Akaweka vidole vya Twalib kwenye gauni, vyembamba kama dagaa wake. "Kwa hivi, shingo inaishia hapa, mwimbaji hamezi hata mate. Machibya, lete wako." Vya Tembokala vilikuwa vinene kama ndizi mzuzu, vimekomaa kwa jembe. "Kwa hivi, tumerudi palepale kwenye beti sita."

"Vyangu!" alisema Mzee Kanuni akiinua mkono juu. "Tuliviweka mezani kwenye kikao, vikajadiliwa, vikapitishwa."

"Mlipitisha vidole?" Twalib akaandika kwenye simu. "Hiyo nayo ni habari."

"Sasa jaribio," aliendelea Mzee Kanuni. "Kamati inataka kujua mtu akiinama inakuwaje."

"Sanamu yangu ya mbao haiinami," alisema Rhobi. "Kwa hiyo nivae mimi, niiname hapa mbele yenu?"

"La, la, la! Haifai!"

"Nimwite mama mmoja wa kwaya?"

"Ndiyo kabisa haifai!"

"Basi wewe mzee unataka ainame nani?"

Bibi Tega akaweka birika chini taratibu. "Dawa ya kuhara huonja aliyeichemsha," alisema. "Mwandishi wa sheria si yupo? Na mwili anao."

"Mwamba, usikubali," Twalib akasema, huku anafuta kioo cha kamera kwa shati.

Mzee Kanuni akatazama juu, akatazama chini. Kanuni hairudi nyuma. "Mimi ni mtumishi," alisema. "Nipe."

Akalivaa juu ya shati na suruali. Rhobi akavuta zipu ya mgongoni. Ilipofika katikati ikauma shati, ikagoma kupanda, ikagoma kushuka. Rhobi akaiachia hapo hapo. Mzee Kanuni akainama ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Pazia likatulia kama limegundishwa.

"Tembokala, umeona nini?" Twalib akauliza.

"Naona ndevu tu, mura."

"Imefaulu!" Mzee Kanuni akapiga makofi mwenyewe, akafungua faili, akatoa kalamu. Rhobi alitakiwa kufurahi. Kazi ilikuwa yake sasa, magauni yote thelathini. Lakini aliiangalia kalamu ile akawaona wale kumi na mmoja, ibada ya saa tatu nzima, watoto mgongoni, na mshono alioufunga kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee," alisema, "kabla hujasaini, tungoje kidogo Happyness aje apime. Sampuli ya pili nimeikata kwa kipimo chake."

"Binti yangu? Sawa, lakini asinikute hivi. Hebu nivue."

Rhobi akavuta zipu. Wapi. Na Happyness huyo tayari anavuka barabara, mtoto mgongoni, akaona ndevu juu ya zambarau, akasimama katikati ya njia mpaka bodaboda ikampigia honi.

"Baba?"

"Ni kazi ya kamati," alisema Mzee Kanuni. "Pita ndani ukavae."

Happyness akang'ata khanga asiangue kicheko. Akamshusha mtoto, mvulana wa miezi minane aliyerithi jina la babu yake, akamweka mikononi mwa babu mwenyewe. Akaingia ndani na Rhobi.

Yakobo mdogo akaliangalia gauni. Akaligusa. Laini, pana, kama la mama. Akainua macho akaona ndevu, akaona hizo hazimhusu. Akaenda moja kwa moja kifuani.

"Weee!" alisema Mzee Kanuni. "Wajina, hapa sipo!"

Mtoto akajaribu juu: kumefungwa. Akajaribu chini: kumefungwa. Akashika pembeni kwa mikono miwili, akatia na kichwa: kumefungwa. Hapo akavuta pumzi, na kilio alichokitoa kilisimamisha mnada wa mitumba ng'ambo ya barabara.

"Mbembeleze!" alisema Bibi Tega.

"Namwimbia!"

"Usimwimbie ule wa mbegu, utainama!"

Watu wakaanza kutoka madukani. Muuza chumvi akaja na mizani mkononi. Wakaona mzee mwenye ndevu, ndani ya gauni la kwaya, anapigwa makofi ya kifua na mtoto mwenye njaa.

"Happyness!" mzee akapiga kelele. "Toka umnyonyeshe!"

Happyness akatoka mbio, ndani ya sampuli ya pili, zipu imepanda mpaka shingoni. Akamchukua mwanawe, akashika juu, akashika chini, akashika pembeni. Akamgeukia baba yake.

"Nipitie wapi, baba?"

"Vua!"

"Nivue gauni zima hapa? Na tukiwa Butiama mbele ya watu, nivue?"

Mtoto akaongeza sauti. Mzee Kanuni akamgeukia Rhobi, jasho linamtiririka kwenye ndevu. "Fundi, fungua huko!"

Rhobi alikuwa amesimama mlangoni, wembe wa kufumulia mkononi. "Isifunguke juu, isifunguke chini, isifunguke pembeni. Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Mwanangu, si unamwona mtoto?"

"Ulisema kanuni haina mtoto."

Mzee Kanuni akamtazama mjukuu wake, uso umeiva kama nyanya. Mabega yake yakashuka ndani ya zambarau.

"Kanuni ilikosea," alisema polepole. "Hakuwepo mwenye mtoto kikaoni. Fumua, mwanangu Rhobi. Nakuomba."

Rhobi akapiga goti, akapitisha wembe pembeni chini ya pazia la kifua. Mara mbili tu. Happyness akamwingiza mtoto. Pazia likamshukia kichwani, likatulia. Kilio kikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Hakuna aliyeona kitu, maana hakukuwa na kitu cha kuona: mama amesimama na gauni lake, na miguu miwili midogo inachezacheza hewani.

"Kaingilia wapi?" Twalib akanong'ona.

"Kapita geti," alisema Tembokala. "Hii sasa ndiyo hifadhi. Ina geti na mwenye kibali anajulikana."

Mzee Kanuni akaketi kwenye ubao, gauni limemjaa magotini. "Bibi Tega," alisema, "ile hoteli yako nilikuwa naisikia tangu kule kona. Ni titi la mama."

"Mwanaume kaijua hoteli baada ya kuifunga!" Bibi Tega akampa kikombe cha pili. "Haya, mji wenu chukueni. Safari nimeahirisha, tutakwenda wote na kwaya."

Mzee Kanuni akatoa kwenye faili barua ya sheria, akafuta kwa kalamu "isifunguke pembeni", akaandika kwa herufi kubwa: IFUNGUKE PEMBENI KWA WENYE WATOTO. FUNDI RHOBI ANAJUA NAMNA. Akasaini. Rhobi aliisoma mara tatu, akaibandika ukutani kwa pini zile zile nne.

"Tuwatumie wajumbe," alisema Twalib. Kundi la simu la kamati lilikuwa na wateja wake pia, huko ndiko alikotangazia dagaa na alikoipata ile sheria. Akapiga picha mzee akiwa bado amebanwa na zipu, ndevu na kila kitu. Akaituma na barua.

Haikupita dakika, wajumbe wanne wakajibu. Twalib akasoma kwa sauti.

"'Kifua kimekaa vizuri.' 'Imepita.' 'Vidole vinne nimeviona, hongera fundi.' Huyu wa mwisho ni mwenyekiti: 'Naafiki. Ila huyo mama ni mgeni? Yuko sauti ya ngapi?'"

Mzee Kanuni akajishika ndevu, moja moja, kama anazihesabu.

"Beti sita," alisema Bibi Tega akikusanya vikombe, "na mpaka leo hawajafika usoni."