Sampuli ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Kipindupindu kimeingia nchini. Redio imetangaza asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni. Mafuriko yamechafua visima, Waziri anasema tuchemshe maji, tunawe mikono, tusiwe na hofu. Mimi hofu nilikuwa nayo kabla hajamaliza sentensi.

Nimechemsha maji ya kunywa, ya kuoga na ya kusukutulia. Mke wangu ameuliza kama nitachemsha na mvua. Acheke tu. Hajui nilichokula Jumamosi: tikiti maji lililokatwa, pale njiapanda, nzi wamelikalia kama wajumbe wa mkutano. Nikashushia na maji ya kwenye kopo la muuzaji. Na mimi ndiye ninayewahubiria wanangu pacha usafi kutwa kucha!

Kazini balaa zaidi. Bi Mkubwa, mwenye kiwanda chetu cha mikate, ametukusanya mbele ya tanuri. Bwana Afya anakuja kesho na vikopo. Kila anayegusa unga atapimwa haja kubwa. Mgonjwa hatatia mguu kiwandani. Halafu akatutazama mimi na mpambaji wetu tunayemwita Keki, akasema msimamizi mpya atatajwa majibu yakishatoka.

Mimi nakanda unga tangu tanuri lile likitumia kuni. Keki anachora maua ya sukari juu ya keki, basi, kisha anatembea kama daktari bingwa. Ameinua mkono, ameomba apimwe wa kwanza. Mnafiki!

Jumanne, 5 Machi

Nimejifungia chooni na kikopo. Nimekitazama, nacho kimenitazama. Kama wadudu wa lile tikiti wamo je? Litakuja gari lenye king'ora, majirani watatoka kutazama, nitapelekwa kwenye yale mahema meupe nyuma ya uwanja wa mpira. Naogopa yale mahema. Jasho likanitoka, haja ikapotea kabisa.

Kutoka tu, nikamwona Shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kwetu kukaa wiki moja, sasa ni mwaka wa pili. Alikuwa anakula kiporo cha juzi sufuriani, anashushia na maji ya bomba mabichi. Sijawahi kumsikia akilalamikia tumbo. Huyu akimeza msumari atauliza kama umebaki mwingine.

Wazo likaja lenyewe. Sikulitafuta.

Nimemvuta pembeni. Nimemwambia nchi inahitaji sampuli ya mtu mwenye afya ya mfano, ila ni siri, hata dada yake asijue. Ameguswa sana. Amesema tangu azaliwe nchi haijawahi kumwomba kitu. Amerudi na kikopo kimejaa mpaka kwenye kifuniko. Huyo ndiye mzalendo!

Alhamisi, 7 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utulivu. 

Bwana Afya alinipigia simu nikiwa nimezama kwenye unga mpaka viwiko. Akasema kwa upole majibu yangu ni chanya, nisiguse kitu, nisiende popote, wanakuja kunichukua. Nikamshukuru sana. Nikamwuliza na ya Keki. Akasema hayo si yangu kujua. Lakini Keki mwenyewe alikuwa ameshatangaza tangu asubuhi kwamba yake ni hasi, tena anachekelea, maskini wa Mungu.

Chanya! Mhubiri wetu kila wiki anatuambia tuwe na mawazo chanya, maneno chanya, mtazamo chanya. Na hasi? Kwa babu yangu, kuhasi ni kile alichofanyiwa fahali akizidi ukorofi. Nani anachekelea jambo kama hilo?

Nikapanda juu ya gunia la unga. Nikatangaza mbele ya wote: mimi ni chanya, Keki ni hasi, kwa hiyo msimamizi anajulikana, na gari linakuja kunichukua kwa heshima.

Nikasubiri makofi. Kisha mbio! Mpakaji mafuta katokea dirishani. Mtia chumvi kaacha kiatu. Bi Mkubwa karudi kinyumenyume, trei kaishika kifuani kama ngao. Keki ndiye aliyenielimisha, akiwa ng'ambo ya barabara, kwa sauti tamu kama sukari yake. Chanya maana yake wadudu wamekutwa. Hasi maana yake hawakukutwa.

 Nikakaa chini, nikajililia, nikawalilia na pacha wangu. Kisha nikakumbuka: ile haikuwa yangu! Nikafurahi mpaka nikasikia king'ora.

Ijumaa, 8 Machi

Niko hemani. Kitanda cha turubai kina tundu katikati, chini yake ndoo. Sihitaji kueleza. Jirani wa kushoto anatapika tangu jana. Wa kulia hainui hata kichwa. Na mimi mzima kama kigingi, nimelala katikati yao, nabana pumzi.

Muuguzi ananishangaa. Ananipa maji ya dawa ya chumvi, nayanywa kwa adabu, jagi baada ya jagi. Leo alitaka kunifariji. Akasema wapo watu wa namna yangu, wanabeba wadudu bila dalili yoyote, wanaambukiza nyumba nzima. Na wengine, akasema huku akitandika shuka, huanguka ghafla, mwili ukaishiwa maji, wakaenda siku hiyo hiyo.

Nikaacha kunywa. Shemeji! Yupo nyumbani, anachota maji kwenye pipa letu kwa kikombe chake. Pipa hilo hilo wanalonywea pacha. Na hakuna anayejua ila mimi. Wapuliza dawa, wanaosafisha nyumba za wagonjwa, bado hawajafika kwangu, nyumba ni nyingi na barabara imejaa maji.

Nikisema, kazi imeota mbawa, pengine na pingu juu. Nisiposema... Hapo akili yangu inagoma kuendelea.

Nikatafuta njia ya katikati. Nikafunga leso mdomoni, nikapiga simu nyumbani kwa sauti nzito. Nikasema naitwa Afisa, natoka Wizarani, kaya nzima ifike zahanati mara moja, hasa kijana mlaji sana. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema Baba Pacha, acha utoto, toa hiyo leso. Halafu akasema Shemeji hajainuka kitandani tangu alfajiri, anaharisha, na amekataa chakula.

Amekataa chakula! Shemeji!

Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Simu ikanitoka mkononi, ikatua kwenye ndoo. Nikakimbia peku katikati ya vitanda nikimwita Bwana Afya, nikatapika yote: tikiti, kikopo, nchi, leso. Hema zima likasikia. Hata yule wa kulia akainua kichwa. Bwana Afya hakunigombeza. Aliuliza nyumba iko wapi, akakimbia.

Jumamosi, 9 Machi

Wamemlaza kando yangu. Macho yamezama, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima. Dripu mikono yote miwili. Sikumjua mwanzoni. Nilidhani wameleta mzee wa watu.

Pacha na mama yao wamepimwa na kupewa dawa, ni wazima. Mke wangu amesimama nje ya kamba inayozuia wageni. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nayastahili. Alisema tu kwamba huyo ndiye mdogo wake wa pekee, mama yao alimwachia mkononi.  Ningependa matusi.

Nilikaa na Shemeji, nikamnywesha maji ya chumvi kijiko kwa kijiko. Nimeomba dua zote ninazozijua na moja niliyoitunga. Nimeahidi kwamba akipona sitasema uongo tena, hata ule mdogo wa kusema nipo njiani. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake, na kila ikichelewa, yangu inakatika.

Kwenye adhuhuri alifumbua macho. Akaniita shem. Akauliza, kwa sauti ya kukwaruza, kama nchi imeridhika na sampuli yake.

Nililia mbele za watu. Muuguzi akanikumbusha kwamba na mimi natakiwa kutunza maji mwilini.

Jumatano, 20 Machi

Shemeji amepona! Amepimwa mara mbili, hasi zote mbili. Sasa neno hilo nalipenda. Ameingia nyumbani na kuuliza kilichopikwa kabla hajavua viatu. Mke wangu ameanza kuzungumza na mimi, ingawa ni mambo ya chumvi na sabuni tu.

Keki ndiye msimamizi. Mimi, niliyeruhusiwa kutoka hemani kwa kukosa dalili, nimerudishwa kwa huruma, nasugua trei. Nimeomba radhi mbele ya tanuri, wote wakisikia. Nimewaambia mficha maradhi kifo humuumbua, mimi ni shahidi. Bi Mkubwa alifuta machozi. Mimi mwenyewe niliguswa na maneno yangu.

Ila kesho Bwana Afya anarudi na vikopo. Kila mtu tena. Na mimi nimelala siku kadhaa katikati ya wagonjwa, na simu yangu niliitoa kwenye ndoo ile kwa mkono. Tena tumbo linanguruma tangu asubuhi. Njaa tu. Lakini mahema bado yapo pale nyuma ya uwanja, nimeyaona nikipita, nikaongeza mwendo.

Nikafikiri. Nani katika nchi hii amethibitishwa msafi mara mbili na serikali yenyewe? Huu si uongo, ni kutumia kilichokwisha kupimwa.

Nimemvuta Shemeji pembeni. Nimemwambia nchi imemkumbuka tena. Amefurahi mno, ameingia chooni na kikopo huku akiimba.

Nagonga mlango afanye haraka. Hicho choo nakihitaji mimi, tena sasa hivi.